Majina ya Wami: Neno juu ya Orodha za Nasaba katika Uha na Burundi

Mwalimu afundishaye Kibondo au Kasulu hawezi kuliepuka swali la nasaba. Mtoto humwuliza, "Ntare ni nani?" naye, akiwa na orodha iliyochapwa, humjibu kwa kusoma nambari. Sisi twaona ya kuwa jibu hilo mara nyingi si jibu, na hapa twataka kuonyesha sababu yake.

Orodha tunayoisema ni ile ya wami wa Burundi, jirani wa Waha kwa lugha na kwa desturi. Majina yao manne yalifuatana kwa zamu: Ntare, Mwezi, Mutaga, Mwambutsa, kisha Ntare tena. Orodha ndefu yahesabu mizunguko minne, yaani wami 16 hata Mwambutsa Bangiricenge, aliyetawala tangu 1915 hata 1966. Kwa hesabu hiyo babu yake, Mwezi Gisabo, aliyefariki mwaka 1908, huitwa Mwezi wa Nne. Lakini Jan Vansina, katika kitabu chake La légende du passé cha mwaka 1972, alishika ya kuwa mizunguko ni miwili tu. Basi Gisabo ni Mwezi wa Pili. Mtu ni yule yule, nambari ni mbili, na kati yake wamesimama wami wanane wazima.

Mambo hayo si ya Afrika tu. Katika Ujerumani, nchi iliyotawala Uha hata 1916, wanaume wote wa ukoo wa Reuss huitwa Heinrich. Tawi moja lilihesabu hata mia, kisha likaanza upya. Tawi la pili lilianza upya kila karne. Asiyejua kanuni ya kuhesabu huwafanya ndugu kuwa baba na mwana.

Kwetu pana mtego mwingine katika maneno ya jamaa. Mrundi humwita baba yake data, na ndugu wa baba yake data wacu, kama Mswahili asemavyo baba mdogo. Mwandishi mgeni akisikia "baba" na kuandika mzazi, amekwisha kuongeza kizazi kisichokuwako.

Orodha ndefu ina sifa moja: imehifadhi zamu ya majina. Kosa lake ni kuitegemea zamu kuliko watu. Ntare Rushatsi hukumbukwa kuwa mwanzilishi, na Ntare Rugamba kuwa mwenye kuipanua nchi. Hao hawachanganyiki, kwa kuwa kila mmoja ana jina lake la pili na matendo yake. Hata hivyo asili ya Rushatsi yenyewe husimuliwa kwa njia mbili: wengine humtoa upande wa Kanyaru, wengine Nkoma, kuelekea Uha. Jean-Pierre Chrétien alionyesha mwaka 1981 jinsi habari zake zilivyogeuka-geuka.

Hapo ndipo hatari ilipo kwa Waha. Heru, Muhambwe na Buyungu zilikuwa na wami wake zenyewe. Mwaka 1946 Theresa Ntare alipata kuwa mwami wa Heru. Anayefuata jina peke yake atamtia katika mzunguko wa Burundi, na hivyo kuinyang'anya Heru historia yake; tena Ankole nako walikuwako wafalme walioitwa Ntare.

Kwa hiyo twawasihi walimu na mapadre waulizao wazee: msianze na nambari. Ulizeni mama yake ni nani, jina lake la pili ni lipi, alikaa wapi, kaburi lake liko wapi na nani alilitunza. Jina hurudiwa mara nyingi, kaburi halirudiwi. Utawala wa machifu uliondolewa katika Tanganyika mwaka 1963, wala hakuna tena baraza la mwami la kuwasahihisha wanaokosea. Kosa tutakaloliandika leo, wajukuu watalisoma kama kweli.