Picha Isiyo na Tarehe

Wakazi wengi wa mtaa wa Section 58, hapa Nakuru, wana picha ya mlima Menengai kwenye simu zao, na nyingi kati ya hizo hazifai kitu. Zimepigwa saa saba mchana, jua likiwa utosini, mlima umelala kama blanketi la kijivu nyuma ya nyaya za stima na matangi ya maji. Lawama si ya simu. Simu za siku hizi zina lenzi ambazo wapiga picha wa zamani wangeuza ng'ombe ili wazipate. Kinachokosekana hakiuzwi katika duka lolote mjini: kujua mwanga utatokea wapi, utafika lini na utakaa muda gani.

Huku kwetu haukai. Nakuru iko jirani kabisa na ikweta, na jua la ikweta hupanda wima na kushuka wima. Mpiga picha wa Norway, wakati wa kiangazi chao, anaweza kumaliza kikombe cha kahawa huku mwanga wa jioni ukimngoja. Wa Nakuru ana dakika chache tu jua linapochomoza, na dakika chache tena kabla halijazama. Katikati hapo vivuli hufupika na miamba hupoteza sura. Ndiyo maana anayeijua kazi hii huanza kupanda Menengai gizani.

Mtazame akifika ukingoni, karibu mita 2,278 juu ya usawa wa bahari. Haiweki kamera juu kama afanyavyo mpiga picha wa harusi. Anaikunja miguu ya stendi hadi ifupike, anatundika mkoba wake chini ya stendi iwe nzito, kwa sababu upepo wa pale hauna adabu. Anafuta lenzi, anasubiri. Chini yake kuna shimo lenye upana wa kilomita nane hivi na urefu wa takriban kumi na mbili. Sakafu yake ni ya lava nyeusi iliyoota leleshwa, na majani ya leleshwa, kabla jua halijatokeza, yana rangi ya fedha iliyochakaa. Jua likishawafikia watu wa eneo la Bahati, ile fedha inageuka kuwa majani ya kawaida, na aliyechelewa kubonyeza amepata picha ya kichaka.

Kisha kuna mvuke. Tangu uchimbaji wa visima vya jotoardhi ulipoanza kule ndani mwaka 2011, alfajiri ya baridi huonyesha nguzo nyeupe zikisimama juu ya lava. Hewa ikipata joto, mvuke uleule hauonekani sana. Haujaisha, ila hauna tena baridi ya kuugandisha ukawa wingu. Hapa ndipo wapiga picha wanapogawanyika. Wengi huisogeza kamera kidogo upande ili mabomba na barabara za mitambo zisionekane, wapate kreta ya enzi za babu. Mimi siungi mkono uungwana huo. Mlima wenye visima ndio mlima tulio nao, na mpiga picha anayeuficha anatengeneza kalenda. Kalenda nazo zina soko lake, sikatai.

Ziwa limetufundisha jambo hili kwa ukali zaidi. Kwa miongo kadhaa Ziwa Nakuru lilijulikana duniani kwa picha moja: ufuo mzima umegeuka waridi kwa heroe, ndege ambao mitaani wengi tunawaita flamingo. Rangi ile waliipata kwenye chakula, mwani mdogo unaositawi katika maji ya magadi. Karibu na mwaka 2010 maji yakaanza kupanda, na mwaka 2011, ajabu ya dunia, UNESCO ikaliingiza ziwa hilo pamoja na Bogoria na Elementaita katika orodha ya urithi wa dunia. Maji yakazidi, magadi yakapungua makali, mwani ukapungua, na ndege wengi wakahamia Bogoria. Ziwa lililokuwa na kilomita za mraba zipatazo 40 likapita 60. Lango kuu la hifadhi ya ziwa hilo na ofisi zake vikafikiwa na maji, ikabidi vihamishwe.

Migunga ya ufuoni ilikufa ikiwa imesimama. Sasa nayo hupigwa picha sana: vigogo vyeupe ndani ya maji matulivu, mnandi akikausha mabawa kwenye tawi, ukungu nyuma. Ni picha nzuri kweli, siwezi kusema uongo. Lakini maji yaliyoua migunga ile ndiyo yaliyoingia katika ploti za watu wa Mwariki na Barut, wakahama na kuacha nyumba zao. Picha haina namna ya kulisema hilo. Mistari miwili chini yake inaweza.

Ansel Adams wa Marekani alikuwa gwiji wa fani hii. Jioni moja huko New Mexico aliona mwezi umechomoza juu ya kijiji cha Hernandez, na jua la mwisho likiwaka kwenye misalaba ya makaburini. Kifaa cha kupimia mwanga hakukiona, akakadiria kwa kuwa aliujua mng'aro wa mwezi, akapiga mara moja. Kabla hajapiga ya pili, mwanga ulikuwa umeihama misalaba. Ustadi huo hauna mjadala. Ila tarehe hakuiandika, na kwa muda mrefu picha hiyo ilizunguka ikiwa na miaka tofauti tofauti, hadi wanaastronomia walipopiga hesabu kwa kuangalia mahali mwezi ulipokuwa angani. Hata wao walikosea kwanza kwa siku moja. Jibu lililokuja kukubalika ni 1 Novemba 1941.

Afadhali tabia ya wanahabari. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, anakumbukwa kwa picha za njaa ya Ethiopia za mwaka 1984, lakini miaka miwili kabla yake yeye na Duncan Willetts walikuwa wametoa kitabu cha picha za nchi hii, Journey Through Kenya. Chumba cha habari hakipokei picha bila kujua ni wapi, lini na nini. Anayepiga mandhari hudhani ameepuka maswali hayo kwa sababu mlima hauna jina la kuandikiwa vibaya wala haukimbii. Nakuru imeonyesha kwamba hata ufuo hukimbia.

Katika nyumba nyingi za mji huu kuna albamu yenye picha ya familia iliyosimama mbele ya ziwa, watoto wamevaa nguo za Krismasi, nyuma yao kuna mstari wa waridi au ufuo mkavu wenye chumvi. Sisi hatuna mwezi wa kutusaidia kupiga hesabu. Kama unayo, itoe kwenye plastiki, umuulize mama au mjomba ilipigwa mwaka gani na walisimama sehemu gani ya ufuo, uandike nyuma yake kwa penseli, maana wino wa kalamu hupenya.