Aristotle Asingekanyaga Kariakoo

Kila anayehakiki tamthilia hapa Mlimani ni lazima amtaje Aristotle na Poetiki yake. Shujaa awe mtu mwenye hadhi kubwa, akosee, aanguke, nasi tumwonee huruma na kuingiwa hofu. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969) nayo hupimwa kwa rula hiyo hiyo. Je, rula hiyo ilichongwa na nani, akila jasho la nani?

Aristotle huyo huyo ana kitabu kingine, Siasa, ambacho wenzangu wengi hawakifungui. Humo anadai wako watu ambao ni watumwa kwa maumbile. Kununua na kuuza ili kupata faida anakulaani, riba ndiyo kabisa. Katika mji wake bora, fundi na mchuuzi hawapewi uraia. Soko la bidhaa liwe kando. Uwanja wa waungwana usikanyagwe na mkulima wala fundi mpaka aitwe na wakubwa. Jamani, hebu waondoe wamachinga wa Msimbazi na mtaa wa Kongo, waondoe mamantilie na wasukuma mikokoteni, Kariakoo inabaki nini? Na jina lenyewe limetokana na wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia! Kwa hiyo "hadhi" ya shujaa si suala la fani tu. Ni la kitabaka.

Si Wagiriki wote waliodharau biashara. Mfanyabiashara mmoja wa Misri, asiyejulikana jina, aliandika kwa Kigiriki katika karne ya 1 mwongozo uitwao Periplo ya Bahari ya Eritrea. Anaieleza pwani yetu mpaka Rhapta, mji uliopewa jina kwa mashua zake za kushonwa. Mikuki, vishoka, visu na vyombo vya kioo vinaingia. Pembe za ndovu na za vifaru na magamba ya kasa yanatoka. Tena divai na ngano huletwa, si za kuuza, bali za kuwafurahisha wenyeji. Takrima hiyo, bwana! Manahodha Waarabu, anasema, wameoa huko na wanaijua lugha. Lugha yake ni kavu kama daftari la duka, lakini watu wanaonekana humo wakifanya kazi.

Sasa turudi kwa Kinjeketile. Ni mkulima wa Ngarambe, si mfalme wa Thebe. Kwa rula ya Aristotle hana hata pa kuangukia. Ndiyo maana wahakiki wetu humpandisha cheo kwanza, wakamwita mtukufu, ndipo wamwangushe. Hussein alimweka miongoni mwa wakulima wanaolimishwa kwa nguvu, na hao hawatajwi kabisa katika insha zetu.