Nabali na Udhaifu wa Neno "Mpumbavu"

Katika Zaburi ya 14, Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 hulifasiri neno la Kiebrania nabal kuwa "mpumbavu". Kwa msomaji wa Kiswahili, lawama huangukia akili. Lakini Nabali wa 1 Samweli 25, tajiri wa kondoo 3,000 na mbuzi 1,000, hakupungukiwa akili. Aliwanyima chakula watu waliokuwa wamewalinda wachungaji wake, tena katika msimu wa kukata manyoya, wakati wa karamu. Isaya 32:6 humshtaki mpumbavu kwa kosa hilohilo, kumwacha mwenye njaa mtupu. Haki ya Abigaili, kwa upande wake, hupimwa kwa mikate 200 anayoipakia juu ya punda. "Fidhuli" lingekaribia zaidi, ingawa nalo halibebi ukanaji wa Mungu.