Gerasim Ameenda Wapi?

Filamu ya Ikiru ya Akira Kurosawa (1952) imechota kwa Tolstoy, kwenye Kifo cha Ivan Ilyich (1886), na bado nauliza: Gerasim ameenda wapi? Kitabuni, kijana huyu wa kazi huiweka miguu ya mgonjwa mabegani mwake usiku, wala hamdanganyi kwamba atapona. Kurosawa kamtoa, na karani wake anahangaika kujenga uwanja wa watoto kabla hajafa. Inaliza, sikatai. Ingerekodiwa huku Makueni, uwanja ungekuwa bwawa la mchanga na sote tungepiga makofi. Lakini mimi nilimuuguza babu Kitui, miezi minne. Hakutaja mradi hata siku moja. Alitaka kugeuzwa ubavu, na mtu asimwambie "utapona tu".