Jiko Linawaka, Chumba Hakipati Joto

Nyumba nyingi kuukuu za kaskazini mashariki mwa Marekani zilijengwa na meko ya matofali ukutani, na meko hayo, pamoja na uzuri wake wote, hupasha joto anga kuliko sebule: ni kama sehemu 1 tu kati ya 10 ya nguvu ya kuni inayobaki ndani. Dawa iliyozoeleka ni kupachika humo jiko la chuma lenye mlango wa kioo, kisha kuliunganisha na bomba la chuma kisichoshika kutu linalopanda ndani ya dohani hadi juu ya paa. Wasemaji wa Kiswahili waliohamia Vermont au Maine hawakawii kuyaona majiko haya, na hawakawii kuisikia lawama yake: kuni zinateketea, moto unaonekana, kioo kinang'aa, na watu bado wamejifunika mablanketi. Hapo ndipo mwenye nyumba hukimbilia kununua feni, au kulibadilisha jiko kwa kubwa zaidi. Hatua zote mbili ni za haraka mno. Chumba baridi ni dalili inayoletwa na magonjwa mawili tofauti kabisa, nayo hayatibiki kwa dawa moja: ama joto halizalishwi, ama linazalishwa na kupotelea njiani. Kabla ya kugusa kitu, kipimwe jiko, si chumba.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Kipimajoto cha sumaku kibandikwe kwenye chuma juu ya mlango, au kitumike kile cha kulenga kwa mbali, saa moja hivi baada ya kupakia kuni. Chuma kikiwa kimefika nyuzi 200 hadi 300 za Selsiasi na chumba bado ni baridi, moto hauna kosa. Chuma kikihangaika kwenye nyuzi 120, basi hakuna joto la kusambazwa, na feni yoyote itakayowashwa itazidi kulipoza jiko. Watu wengi huruka hatua hii kwa sababu wanauamini ulimi wa moto. Huo si shahidi wa kutegemewa. Mwali mkubwa wa njano, hewa ikiwa imeachwa wazi kabisa, unaweza kuwa unapeleka sehemu kubwa ya joto lake juu ya paa. Mashahidi bora ni kioo, ambacho kikigeuka cheusi kila jioni kinasema moto ni wa baridi, na mdomo wa dohani, ambao nusu saa baada ya kuwasha haupaswi kutoa moshi wa kuonekana. Moshi ni kuni ambazo hazijaungua.

Tuanze na jiko lisilopata moto, maana ndiyo hali ninayoiona kuwa ya kawaida zaidi, na chanzo chake mara nyingi ni maji. Chukua kilo 10 za kuni mbichi ambazo nusu ya uzito wake ni maji. Kilo 5 za mbao kavu kabisa zilizomo zina megajuli 92 hivi. Kuyageuza maji yale kilo 5 kuwa mvuke kunakula kama megajuli 13. Msomaji mwenye kalamu atapinga mara moja: hiyo ni asilimia 14 tu, nayo haitoshi kueleza kwa nini nyumba inapata nusu ya joto lililotarajiwa. Pingamizi hilo ni zuri, na hesabu yake ni sahihi. Lakini hasara kubwa haiko kwenye mvuke wenyewe. Iko kwenye kile ambacho mvuke unakizuia. Jiko la kisasa limetengenezwa kuchoma moshi. Kwenye dari yake mna mabomba yenye vitundu vinavyopuliza hewa ya pili, iliyokwisha kupata moto, na gesi za kuni huwaka hapo juu ikiwa joto limefika nyuzi 600 hivi. Kuni zenye maji hazilifikishi sanduku la moto kwenye kiwango hicho. Gesi zinaondoka mbichi, nyingine zinagandia ndani ya bomba na kuwa kreosoti, ile lami nyeusi inayoweza kushika moto baadaye. Mtumiaji, akiona moto unasinzia, anafungua hewa yote ili usizimike, na hewa hiyo inalikumba hata lile joto dogo lililopatikana. Kwa hiyo asilimia 14 ni hasara ya kwanza tu, nayo huzaa mbili kubwa kuliko yenyewe.

Kuna ushahidi mwingine, nao unatoka kwa watengenezaji wenyewe. Nambari za ufanisi kwenye vibao vya majiko mengi yaliyothibitishwa na Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani, EPA, zilitokana na majaribio ya mbao zilizopasuliwa sawasawa za mti wa Douglas fir, zenye unyevu wa asilimia 19 hadi 25 ya uzito wa mbao kavu. Mwenye nyumba anayeweka mwaloni uliokatwa mwezi wa tano hana haki ya kudai nambari hiyo. Atasema muuzaji alimhakikishia kuwa kuni zimekauka, na pengine muuzaji anaamini hivyo, lakini mwaloni uliochanjwa huhitaji kama miaka 2 chini ya paa penye upepo. Kipima unyevu cha bei ndogo humaliza ubishi, mradi kipande kipasuliwe upya na pini zichomekwe kwenye uso wa ndani. Nje ya kigogo hukauka mapema na kudanganya. Na ajuaye asichanganye hesabu: kipimo hicho husoma maji dhidi ya mbao kavu, hivyo 25 yake ni sawa na asilimia 20 ya uzito wote. Asiye na kipimo anunue mzigo mdogo wa vitofali vya vumbi la mbao lililoshindiliwa, ambavyo unyevu wake hauzidi asilimia 10, avichome jioni moja kwa kufuata kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha jiko. Chuma kikipanda kama inavyostahili, jiko limesafishwa jina.

Kisipopanda, zimebaki sehemu chache. Vibao vya dari ya jiko hutolewa dohani inapofagiliwa, na si ajabu vikarudishwa upande au visirudishwe kabisa; hapo moto unapata njia ya mkato kwenda bombani. Kamba ya kuzibia mlango nayo huchakaa: fungia noti mlangoni, na ikivutika bila kugoma, kamba ibadilishwe. Jambo linalowashangaza wengi ni hewa. Kuni kavu zikishashika, kupunguza hewa huongeza joto la chumba, kwa kuwa gesi hukawia ndani na kuungua juu badala ya kukimbizwa. Anayefungua mlango ili “joto litoke” amelirudisha jiko kuwa meko ya zamani.

Sasa ugonjwa wa pili. Jiko lililosimama katikati ya chumba hutoa joto pande zote. Lililopachikwa hutazama sebule kwa uso mmoja tu, na pande zilizobaki zinapasha matofali. Mbaya zaidi, juu yake mara nyingi pana tundu: nafasi kati ya bomba jipya na koo la dohani ya zamani. Hewa inayopata moto kuzunguka mwili wa jiko hupanda humo usiku kucha, na kama dohani imejengwa kwenye ukuta wa nje, joto linaishia uani. Dawa ni bati lililokatwa kulifuata bomba, likafungwa kwenye koo la dohani, na juu yake pamba ya mwamba isiyoungua. Mafundi wengine hulipuuza wakisema fremu ya mapambo inayozunguka jiko inatosha kuziba. Haitoshi. Fremu hiyo inazuia macho. Nyuma yake hewa ya moto haina kinachoizuia kupanda. Benjamin Thompson, maarufu kama Count Rumford, alilibana koo la meko ya London tangu miaka ya 1790 na kuandika kwa nini, kwa hiyo kosa hili halina udhuru wa ugeni. Feni ina maana yake hapa, kwa jiko lililo moto tayari, kwani hulikokota joto la pande zilizofichika na kulileta mbele.

Anabaki yule anayesema kila kitu kimepimwa, kimezibwa, na jiko ni dogo tu. Huenda ni kweli, lakini na afanye hesabu kabla ya kutoa pesa. Kilo 10 za kuni zenye unyevu wa asilimia 20 hutoa megajuli 143. Kwa ufanisi wa asilimia 75, chumba kinapata 107, yaani kilowati-saa 30. Zikiungua kwa saa 8 za usiku, wastani haufiki hata kilowati 4. Kijitabu cha mauzo kinachotaja BTU 70,000 kwa saa, sawa na kilowati 20 hivi, kinazungumzia kilele cha muda mfupi. Nyumba inayopitisha upepo madirishani inaweza kupoteza kilowati 10 usiku wa nyuzi 15 chini ya sifuri, na mwenye nyumba hiyo ana mawili: aamke kila baada ya saa 3 kupakia kuni, au azibe madirisha.