Ujasiri wa Mfanya Mazingaombwe: Uhakiki wa Kumbukumbu za Robert-Houdin

Katika Kiswahili, mazingaombwe si uchawi. Mchawi hudhaniwa kutenda kazi yake kwa siri, na hofu yake hutokana na siri hiyo. Mfanya mazingaombwe husimama hadharani, akawaomba watu wamtazame kwa makini. Baina yake na watazamaji wake pana mapatano yasiyotamkwa: yeye atawadanganya macho, nao wanajua kwamba wanadanganywa, na furaha ya wote imo katika kujua huko. Swali linalomhusu mhakiki ni hili: mtu hupata wapi ujasiri wa kusimama mbele ya watu baki, wasiomjua wala kumdai wema wowote, akaanza kazi hiyo? Jean Eugène Robert-Houdin, Mfaransa, alilijibu kwa mapana katika tawasifu yake, *Confidences d'un prestidigitateur*, iliyotoka mwaka 1858. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kitabu hicho kina majibu mawili, na kwamba jibu la pili linalivunja la kwanza.

Jibu la kwanza limo katika sura za ujana. Robert-Houdin alizaliwa Blois mwaka 1805, akafunzwa ufundi wa saa. Asimulia kwamba alikwenda kununua kitabu cha ufundi huo, muuza vitabu akakosea akampa kitabu cha michezo ya kiinimacho. Tangu hapo mikono yake haikupumzika. Alijifunza kurusha na kudaka mipira minne huku akisoma kitabu. Alitembea barabarani mikono imo katika mifuko ya koti, vidole vikizoeshwa karata na vijipira, na wapita njia wasijue lolote. Maelezo haya yana thamani kubwa kifani. Mtunzi anaonyesha kwamba ujasiri hauanzi moyoni bali huanza katika vidole. Mkono usiohitaji tena kuamrishwa na akili huiacha akili huru kuwatazama watu.

Hata hivyo, mkono peke yake hautoshi. Mtunzi asimulia onyesho lake la mwanzo katika mji wa Aubusson, alipoazima kofia ya mtazamaji akaiunguza kwa mshumaa, akaokolewa kwa kofia nyingine na kwa hisani ya mwenyewe aliyekubali kunyamaza. Tukio hilo limo ndani ya kisa cha Torrini, mwalimu wake asemwaye, na watafiti waliomtafuta Torrini huyo hawakuona dalili kwamba aliwahi kuishi. Lakini hata likiwa la kubuni, tukio hilo lina ukweli wa kisanaa: fanani alisalimika kwa sababu mtu baki aligeuka kuwa mshiriki wake. Tarehe 3 Julai 1845, alipofungua ukumbi wake katika Palais-Royal mjini Paris, woga ulimpanda tena. Asema mwenyewe kwamba aliharakisha maneno na sauti yake ikakosa mapando. Kesho yake alikusudia kuacha kabisa, hadi rafiki mmoja alipokuja kumuunga mkono katika kuacha huko. Kukubaliwa kwa urahisi namna hiyo kulimchoma, akarudi jukwaani siku ile ile. Hapa tawasifu inafikia kilele chake. Kujiamini kunaelezwa kuwa ni jambo analolipata fanani kutoka kwa hadhira, siku baada ya siku, naye aweza kunyimwa.

Jibu la pili laja katika sehemu inayohusu Aljeria, nchi iliyovamiwa na Ufaransa mwaka 1830. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimtuma huko ili apunguze sifa ya marabuti, yaani watu wa dini walioheshimiwa kwa karama na walioshukiwa kuwachochea watu waasi. Mjini Algiers, mbele ya wakuu wa makabila walioletwa na serikali, alionyesha kasha dogo la kuinuliwa na mtoto, kisha akamtangazia mtu mwenye misuli kwamba atamnyang'anya nguvu. Kasha likagoma kuinuka, kwa kuwa chini yake palikuwa na sumaku ya umeme, na mkondo wa umeme ukamtetemesha yule mtu mikono. Alimpa marabuti mmoja bastola ampige kwa risasi iliyotiwa alama, na risasi ikaonekana ndani ya tufaha. Alipomtowesha kijana mmoja juu ya meza, watazamaji walikimbilia milangoni.

Mtunzi anasimulia haya kwa furaha, na mtindo wake haubadiliki. Lakini uhusiano wa fanani na hadhira umepinduka. Paris yeye alikuwa mwenyeji, na watazamaji ndio waliokuwa huru kuja au kutokuja. Algiers yeye ndiye mgeni, asiyejua lugha ya nchi, anayesema kwa vinywa vya wakalimani, na bado anatenda kama mwenye nyumba. Hatetemeki wala haogopi kukosea sauti. Ujasiri huo hakuupata kwa watazamaji, bali aliuazima kwa jeshi lililokuwa nyuma yake. Ni kweli kwamba, kwa maelezo yake, baadaye wakalimani waliwaeleza wakuu wale kwamba yote yalikuwa ustadi tu. Lakini ufafanuzi ulikuja baada ya hofu, na hofu ndiyo iliyotakiwa. Mazingaombwe yalikuwa yamevishwa kanzu ya uchawi.

Risasi ya Algiers yamkumbusha msomaji wa Kiswahili tamthilia ya Ebrahim Hussein, *Kinjeketile* (1969). Humo maji yanawapa ujasiri watu waliotengana, wakaungana. Lakini imani kwamba risasi za Wajerumani hazitawadhuru inawapeleka mautini. Hussein anamtesa mhusika wake kwa swali la gharama ya imani hiyo, na tamthilia nzima imejengwa juu ya mateso hayo. Robert-Houdin hajiulizi swali kama hilo hata mara moja. Hilo ndilo pengo kubwa la kitabu chake, wala halizibwi na umahiri wa usimulizi.

Historia nayo imetoa hukumu yake. Mwaka 1857, mwaka mmoja tu baada ya maonyesho yale, Ufaransa ilipeleka jeshi kuishinda Kabylia kwa bunduki. Na mwaka 1871, mwaka aliofariki Robert-Houdin, Aljeria iliwaka moto wa maasi yaliyoongozwa na El Mokrani. Watu walioambiwa kwamba wametishwa na kasha hawakutishika.

Kwa wanafunzi wa fasihi simulizi na sanaa za maonyesho, tawasifu hii yafaa kusomwa kwa sababu ya mgongano huo. Yafundisha kwamba kutotetemeka mbele ya umati si kipimo cha kutosha cha ustadi wa fanani. Hapana budi kuuliza pia kama umati huo ulikuwa na uwezo wa kumzomea. Kijana wa Blois aliyeunguza kofia ya watu alikuwa na hadhira ya namna hiyo. Bwana mkubwa wa Algiers hakuwa nayo.