Mkwaruzo kama Uzuri: "Purple Haze" na Vibuyu vya Mganda
Wimbo "Purple Haze" wa Jimi Hendrix (1967) husifiwa kwa kuugeuza mkwaruzo wa gitaa la umeme kuwa uzuri, ingawa Rolling Stones walikwisha kuutumia mwaka 1965. Sifa hiyo inaishia katika roki. Kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, Mbamba Bay na Liuli, wachezaji wa mganda, ngoma iliyoiga gwaride la askari wa kikoloni, huimbia ndani ya vibuyu vyenye tundu lililozibwa kwa utando wa buibui, sauti ikatoka ikivuma. Utando ukitoboka, hubaki sauti safi tu, na kibuyu hakifai. Hatudai kwamba Hendrix aliiga huku. Tunachopinga ni istilahi "upotoshaji wa sauti", inayochukulia usafi kuwa ndio asili. Kwa mizani hiyo mganda haupimiki.